Kenge Mezani

Mama Barafu alikuwa akifungua friza yake kwa mkono wa kushoto, beseni likiwa kwenye wa kulia, kisha anaingiza mkono ndani bila kutazama. Alijua kila mfuko ulipo kama mtu anavyoyajua meno yake kwa ulimi. Ukwaju upande huu, embe upande ule, nanasi chini kabisa. Asubuhi ile mkono wake uligusa kitu chenye kucha.

Hakupiga kelele. Alisimama tu, mkono ukiwa ndani, baridi ikimpanda mpaka kwenye bega, akimwomba Mungu kiwe ni kitu kingine. Halafu akatazama. Ndani ya mfuko wa nailoni uliojaa umande wa barafu alikuwemo kenge, mrefu kama mkono wa mtu mzima, mkia umekunjwa ili atoshe, ncha ya ulimi ikichungulia nje kama ya mtoto anayetania wakubwa. Mfuko ulikuwa umetoboka ubavuni, na kwenye tumbo lake zilikuwa zimegandia barafu mbili za ukwaju. Alipozivuta ili kuzibandua, zilitoa mlio kama plasta inayovuliwa kwenye kidonda.

"Usimvute, mke wangu," sauti ya mumewe ilitoka bafuni. "Ngozi ya tumbo ni nyepesi."

Mumewe alikuwa msoma mita wa maji, na mtaani hawakumwita kwa jina lingine. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba akiinama kwenye vishimo na kuandika namba. Mtu anayetembea hivyo kutwa nzima hukutana na mengi yaliyokufa njiani: kunguru aliyepigwa na umeme, popo aliyenasa kwenye waya, kenge aliyekanyagwa na gari. Wengine huruka pembeni na kuziba pua. Msoma Mita alikuwa anatoa mfuko.

Yalianza siku aliyoingia kusoma mita kwenye nyumba ya tajiri mmoja, akaona juu ya kabati tai aliyekaushwa na kujazwa pamba, mbawa zimetandazwa, macho makali. Alirudi nyumbani na habari za tai tu. Alimsimulia mkewe jinsi yule ndege alivyomtazama, kama mwanamume aliyependa ukubwani. Tangu siku hiyo akawa anajifunza kwenye simu, usiku na mchana, jinsi ya kumvua mnyama ngozi, kuikwangua mafuta, kuipaka unga mweupe wa kukausha, kuijaza pamba na waya, na kuishona isionekane mshono.

Isionekane, alisema. Kazi yake ya kwanza ilikuwa jogoo. Jogoo yule aliwekwa sebuleni kwenye rafu, shingo imepinda kama anayesikiliza ya jirani. Baada ya wiki chache akaanza kutoa mafuta miguuni, taratibu, yakateremka ukutani yakachora njia ya rangi ya chai. Siku akinamama wa maombi walipokuja kwa mama mkwe, mmoja alishika kifua chake katikati ya sala na kuomba aonyeshwe choo. Walipomgeuza yule jogoo wakakuta tumboni kunatambaa. Mama Barafu alimtoa kwa koleo la mkaa, uso ameugeuza, na mpaka leo akiona jogoo mzima sokoni huvuka upande wa pili.

Baada ya jogoo akaja kunguru, ambaye macho yake ya kioo hayakukaa sawa, moja likitazama dirishani na lingine likitazama pua, akawa kama mlevi anayetafuta mlango wake. Kunguru huyo hakuoza. Msoma Mita aliuchukua huo kuwa ushindi.

"Huyu kenge atoke leo," alisema Mama Barafu.

Mumewe alitoka bafuni akijifuta uso. Vidole vyake vilikuwa na ule unga mweupe kwenye kucha, hauishi hata akioga. Vilinuka siki na chumvi, na chini ya siki na chumvi kitu kingine ambacho hakina jina la kutajwa mbele ya watu.

"Akitoka leo ataoza. Bado hajakwanguliwa."

"Kesho asubuhi anakuja msimamizi wa kantini ya hospitali. Nimekwambia tangu juzi. Anakuja kuona barafu zinapotengenezwa. Atafungua hii friza, bwana. Hii hapa. Ataingiza kichwa."

"Nitamfunika vizuri."

"Utamfunika na nini, na barafu za wagonjwa?"

Msoma Mita alicheka kidogo, kile kicheko chake cha kupooza mambo. "Mwenzangu, kinyaa ni mazoea. Mimi pia siku ya kwanza nilitapika. Ukizoea hukioni tena."

Aliposema hivyo alimpitisha mkono shavuni, kwa mapenzi, kama alivyofanya miaka yote. Mama Barafu alisubiri mkono upite, kisha akaenda kunawa uso.

Kantini ya hospitali haikuwa jambo dogo kwake. Alikuwa akiuza barafu kwa kubeba beseni kichwani, shule mpaka shule, karakana mpaka karakana, na magoti yake yalikuwa yameanza kumwambia habari za uzee. Kantini ingempa mlango mmoja, mteja mmoja, kila siku, bila kutembea. Isitoshe, alikuwa na jambo lililomkaa kooni. Majuzi mwalimu wa shule ya jirani, mteja wake wa siku nyingi, alimrudishia mfuko wa barafu na kumwonyesha unyoya mdogo mweusi ulioganda juu ya nailoni. "Mama Barafu, hii ladha mpya inaitwaje?" aliuliza, akitania. Naye akacheka, akasema ni wa kuku, jana alichinja. Ulikuwa wa kunguru. Alikuwa hajasema uongo kwenye biashara yake tangu aianze, na kila alipokumbuka kicheko kile alihisi kama amemeza ule unyoya. Tangu siku hiyo alikuwa hajaonja barafu yake mwenyewe.

Nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Mwaka wa kwanza wa ndoa waligombania redio mpaka sahani zikavunjika, na mama yake Msoma Mita, aliyekuwa mjane tayari na anaishi nao, alikusanya vigae kwenye upindo wa nguo, akaviweka mbele yao na kusema kuanzia siku hiyo hakuna kugombania cha kununua. Anayetaka kitu akilete mezani wakati wa chakula, kabla hakijalipiwa, akiweke kati ya vyombo, na aseme anachotaka kwa sentensi moja. Mwenzake akila, amekubali. Akisukuma sahani, amekataa. Chakula kikiisha na neno limeisha. Kama kitu ni kikubwa hakibebeki, iletwe alama yake.

Watu waliosikia habari hiyo waliwacheka, lakini ilifanya kazi. Hata ile friza ilipatikana hivyo. Mama Barafu aliazima barafu moja ya embe kwa jirani, akaiweka kwenye kisosi katikati ya meza, na Msoma Mita akala taratibu, akimtazama mkewe kwa jicho la utani, mpaka barafu ikayeyuka yote na friza ikanunuliwa. Siku ile walicheka mpaka mama mkwe akawaambia waheshimu chakula.

Sasa sheria hiyohiyo ilikuwa imemgeukia. Kisu kidogo cha kupasulia kilipoletwa mezani, alikula. Alijiambia, waume wa wenzangu wanakunywa. Sindano zilizopinda zilipoletwa, alikula. Macho ya kioo yalipoletwa kwenye kisosi, yakimtazama, alikula amegeuzia meza mgongo. Koleo, misumeno ya mifupa, brashi. Mengine alikula, mengine alisukuma sahani akalala na njaa. Kisha akagundua kwamba mumewe huleta vitu vyake siku ambazo yeye ametoka kuuza amechoka, hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Hakusema. Mama mkwe naye aligundua, kwa sababu yule bibi hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kusali na kuona, lakini naye hakusema. Alingoja.

Jioni ile jua lilikuwa bado liko ukutani uani Mama Barafu aliporudi. Alikuwa amekwenda kununua ukwaju mpya na mifuko mipya kwa ajili ya mgeni wa kesho, na kwa haraka hakula mchana. Alikuta meza imeandaliwa. Mumewe mwenyewe ameiandaa, sahani zimepangwa, maji ya kunawa yako tayari, na katikati kuna kawa kubwa limefunika chakula. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mwanamke yeyote mwenye mume, ila njaa ilimfumba macho. Wali ulikuwa umeshapakuliwa. Mama mkwe alisali, sala ndefu kidogo. Wakasema amina. Mama Barafu akafinyanga tonge, akalitia mdomoni, na kwa mkono wa pili akainua kawa atafute mchicha.

Bakuli la mchicha lilikuwepo. Pembeni yake palikuwa na mashine.

Ilikuwa na mota ndogo, mpini wa mbao, na gurudumu la waya lenye meno mafupi kama mswaki wa chuma. Ilikuwa mpya, lakini haikuwa safi. Ilikuwa imeshajaribiwa, kwenye ngozi ya mnyama gani Mungu anajua. Kati ya meno ya lile gurudumu palikuwa na kipande cha mafuta ya rangi ya manjano, na kwenye kile kipande kimegandia kigamba kimoja, kidogo, kinang'aa kwa jua la dirishani.

"Ya kukwangulia ngozi," alisema Msoma Mita. "Naomba akiba yetu inunue hii. Mwenye duka amenipa nije niionyeshe nyumbani." Halafu akatabasamu. "Na umeshakula."

Ile akiba ilikuwa ya friza ya pili. Kila mtu mezani alijua.

Tonge lilikuwa bado liko mdomoni kwa Mama Barafu. Hakulitafuna. Lilikaa kwenye shavu likivimba, kama pamba iliyolowa maji, na mate yakaanza kujaa pembeni yake. Akimeza, amekubali. Akitema, atatema mbele ya mama mkwe, jambo ambalo tangu aolewe hajalifanya, hata siku za mimba. Alimtazama mumewe. Alikuwa bado anatabasamu, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchefua zaidi. Alitabasamu kama mtu aliyefanya jambo la werevu ambalo hata mkewe atalicheka baadaye. Alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alimtazama koo.

Aliinua upindo wa kanga yake, akatema humo, akaukunja.

"Nimetema," alisema.

"Kutema si kusukuma sahani," alisema Msoma Mita. "Sheria inasema sahani."

"Sheria niliiweka mimi," alisema mama yake, "wewe ukiwa bado unajikwaa kwenye suruali ya harusi. Nilisema kitu kiwekwe mezani. Sikusema kifichwe kwenye kawa."

"Kawa liko mezani, mama."

"Na wewe uko kwenye kiti, lakini akili sijui umeiacha kwenye mita ya nani."

"Mama, kweli nimekosea kufunika. Lakini alikula."

"Hakumeza."

"Alitia mdomoni. Kutia mdomoni ndio kula. Au mtu akikuuliza unafanya nini na mdomo umejaa, unasema unahifadhi?"

Bibi akalitazama lile kawa. Alikuwa mtu wa haki, hata haki ilipomkera. "Alitia kwanza, akatoa baadaye," alisema mwishowe. "Hilo sijawahi kuliona. Niacheni nilifikirie." Akaweka mikono yake mapajani, sahani yake haijaguswa.

Msoma Mita akaona mlango uko wazi. Akamgeukia mkewe kwa sauti laini. "Mke wangu, nikuulize. Wenzangu kazini mmoja ana chupa, mmoja ana nyumba ya pili mtaa wa nyuma. Mimi nimekukosea nini? Nimekaa nyumbani. Nina ndege zangu."

"Afadhali wa chupa," alisema Mama Barafu. "Huyo akitapika, unadeki, yameisha. Wewe unaleta cha kutapisha na kukipandisha kwenye rafu."

"Nikiwa na mashine hawataoza. Jogoo alioza kwa sababu ya mafuta. Hii inatoa mafuta yote."

"Naona yalipo."

Msoma Mita akatazama lile gurudumu, akaona kile kipande, akakitoa kwa kidole, akajifuta kwenye suruali. Hivyo tu. Kisha kidole kilekile kikarudi kukaa ukingoni mwa sahani yake, karibu na wali.

"Nimekwambia," alisema kwa upole, "kinyaa ni mazoea."

Mama Barafu aliinuka. Hakuinuka kwa hasira. Aliinuka kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Walimsikia akifungua friza. Walisikia nailoni. Aliporudi alikuwa amemshika kenge kwa mikono yote miwili, bila mfuko, amemweka mbali na kifua chake, uso umegeuzwa pembeni na mishipa ya shingo imesimama, akipumua kwa mdomo. Akamlaza mezani, kati ya wali na jagi la maji, upande wa mumewe. Mkia ulikuwa bado umeganda, ukagonga sahani ukalia kama kijiko.

"Huyu na jamaa zake wote watoke kwenye friza yangu leo, na mashine irudi dukani, na akiba inunue friza ya pili."

"Hiyo ni sentensi ndefu," alisema mumewe.

"Ni moja," alisema mama mkwe. "Endeleeni."

Lilikuwa jambo jepesi. Msoma Mita alitakiwa kusukuma sahani tu. Akisukuma, lake linabaki kungoja hukumu ya mama na la mkewe limekataliwa, na kesho msimamizi wa kantini atafungua friza na kuona atakachoona. Alilijua hilo. Kidole chake kilikuwa ukingoni mwa sahani tayari. Mama Barafu, akiwa amesimama na mikono yake yenye baridi ameitenga na mwili kama si yake, alikitazama kile kidole, na moyoni, yeye mwenyewe hakujua kwa nini, alitamani kisukume. Alitaka aone mtu anayekataa kula na kenge mezani. Hata kama yeye mwenyewe atashindwa, alitaka kumwona mumewe akikunja uso kama watu wengine.

Lakini kenge alikuwa ameanza kuyeyuka. Umande juu ya magamba uligeuka maji, rangi zikatoka, madoa ya manjano yakang'aa. Msoma Mita akainama.

"Hapa umemvuta," alisema, akigusa tumbo. "Unaona? Pale ilipoganda barafu. Pamechanika kidogo. Lakini si neno, hapa mtu hushona kutoka ndani." Akainua mguu mmoja wa kenge kwa mkono wa kulia, akatandaza vidole vyake, kimoja kimoja. "Mama, hebu tazama hizi kucha. Huyu alikuwa mzee. Alizitumia kupandia miti. Ningemweka kwenye gogo, hivi, kichwa juu, kama anasikia kitu. Watu wangesimama mlangoni wakadhani mzima."

Alikuwa akiongea kwa furaha, sauti yake imepata ujana. Tangu alipooa, hakuna kitu kilichompendeza kama kueleza jambo analolijua. Mkono wa kulia uliachia ule mguu. Ukaenda kwenye sahani kama mkono wa kila mtu unavyokwenda, bila kutumwa. Ukafinyanga tonge, ukalichovya kwenye mchicha, ukalipeleka mdomoni. Akatafuna huku akikadiria kwa macho urefu wa gogo. Akameza. Akalamba kidole gumba.

Maji ya kenge yalikuwa yametengeneza mfereji mdogo juu ya kitambaa cha plastiki, yakienda polepole kuelekea kwenye bakuli la mchicha.

"Umekula," alisema mama yake.

Msoma Mita akatazama sahani. Akatazama vidole. "Nili..."

"Na umemeza. Nimeliona koo likishuka. Wewe hukutema hata punje."

"Mama, nilikuwa naeleza tu."

"Nimesikia ulivyoeleza." Bibi alisukuma sahani yake mpaka katikati ya meza. "Na mimi nasukuma yangu. Si kwa sheria. Kwa kichefuchefu. Nimekula chumvi nyingi, nimeosha wafu na nimeosha watoto, na sijawahi kuona mtu analamba kidole kilichotoka kwenye ukucha wa kenge. Mtoe. Mashine irudi sasa hivi, duka halijafungwa. Halafu unawe. Unawe mpaka kwenye viwiko."

Msoma Mita alimchukua kenge wake kama mtu anayembeba mtoto aliyelala, akatoka naye uani. Hakubisha. Sheria aliiheshimu hata ilipomuuma, na hilo mtu lazima amhesabie.

Mama Barafu alibaki amesimama. Alikuwa ameshinda, na alikuwa akingojea furaha ije, kama mtu anavyongojea chafya. Haikuja. Kilichokuja ni ile sauti ndogo ya ulimi kwenye kidole gumba. Aliisikia alipoutoa mchicha na kuumwaga. Aliisikia aliposugua meza kwa maji ya moto na sabuni, akasugua tena.

"Ulitaka akatae," alisema mama mkwe nyuma yake.

"Ndiyo, mama."

"Hata mimi, mwanangu."

Kabla giza halijaingia, kenge, popo wawili na mfuko mmoja ambao hakuna aliyetaka kuufungua vilikuwa vimezikwa nyuma ya ukuta, na mashine imerudi kwa mwenyewe. Mama Barafu alimwaga barafu zake zote. Alichana mfuko mmoja mmoja juu ya mfereji wa uani, ukwaju, embe, nanasi, hata zile zilizokuwa mbali kabisa na kenge, na rangi zikachanganyika na kuwa matope. Aliikwangua friza mpaka pembeni kwenye mipira ya mlango, akaisugua kwa siki, akaisugua kwa ndimu, kisha akachemsha maji mapya na kuanza upya. Barafu zilikesha zikiganda peke yao kwenye friza tupu.

Msimamizi wa kantini alikuja asubuhi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, anayenusa kila kitu kabla ya kukitazama. Alinusa ndoo. Alinusa kitambaa cha kufutia. Alimwona kunguru kwenye rafu, amefunikwa shuka, mdomo tu ukitokeza, akauliza ni nini, na mama mkwe akajibu kutoka mlangoni kwamba ni pambo la mwanawe, linasubiri kuhamishwa. Akafungua friza, akaingiza kichwa chote.

"Inanukia ndimu," alisema kutokea ndani.

"Nimeisafisha, dada."

"Naona. Umeisafisha sana." Akatoka, akatoa barafu mbili za ukwaju, akampa moja Mama Barafu. "Onja wewe kwanza. Mimi wauzaji nimewaona. Wapo wanaopika wasichoweza kukitia mdomoni mwao."

Mama Barafu aliishika. Alijua ni safi. Maji aliyachemsha mwenyewe, mikono aliisugua mpaka ikachubuka. Ila ulimi haukujua. Ulikuwa bado una habari za unyoya na za ukucha. Kwenye mlango wa uani mumewe alikuwa amesimama na sare yake ya kazi na begi la mita, ananing'iniza mikono yake iliyooshwa kama ananing'iniza nguo zikauke, akimtazama kwa macho ya mtu anayengoja kusamehewa. Katika nyumba ile anayekula amekubali. Ukwaju ni mmoja, lakini yaliyokuwa yakimngoja ayameze ni mengi: kantini, na meza ile, na mikono ile itakayorudi jioni.

Akang'ata pembe ya nailoni, akanyonya. Baridi ilimshika meno. Barafu ikayeyuka yenyewe, haikumpa hata nafasi ya kutafuna. Akameza. Mlangoni, mama mkwe aliliangalia koo lake likishuka, akageuza uso pembeni.

"Nzuri?" aliuliza msimamizi.

"Nzuri."

Msimamizi akang'ata yake, akafumba macho, akanyonya kama mtoto. "Keshokutwa uniletee beseni zima," alisema. "Mlango wa nyuma, kabla ya saa nne."

Mgeni alipoondoka, Mama Barafu alikwenda kwenye mfereji, akainama, akasukutua mdomo. Alisikia hatua nyuma yake. Mumewe alikuwa amemletea kikombe cha maji safi, amekishika kwa vidole viwili tu, kwa adabu, kama mtu anayeshika kitu cha mwingine. Kucha zake zilikuwa zimekatwa mpaka nyamani. Ule unga mweupe ulikuwa bado umebaki kidogo, pembeni kabisa, palipochongwa na mkasi.

"Hongera, mke wangu," alisema.

"Asante."

Alikitazama kikombe, akaitazama mikono, kisha akakipokea kwa ule ukingo ambao vidole vya mumewe havikuugusa.